Kusafisha si Kutakasa: Fikra juu ya Mtutu Wenye Kutu

Chuma hushika kutu, huota kutu, huingia kutu, na mwisho huliwa na kutu. Vitenzi vinne hivi twavitumia kila siku bila ya kuvitazama, lakini ndani yake mna daraja nne za maradhi mamoja. Kilichoshika kutu chaweza kufutwa kwa kitambaa. Kilichoota kutu kimekwisha kupata kitu chenye mizizi. Kilichoingia kutu kimefunguliwa mlango. Ama kilicholiwa hakirudi, kwani hapana fundi awezaye kuurudisha mwilini mwa chuma ule unga mwekundu uliokwisha kudondoka. Wahenga waliposema kwamba kikulacho ki nguoni mwako, yamkini hawakuwa wakifikiri habari za chuma, lakini msemo wao unafaa hapa. Kutu haitoki mbali. Ni chuma kilekile kilichokutana na maji na hewa, kikageuka.

Nataka kulizungumza swali moja la maadili kwa kupitia kitu kimoja, nacho ni mtutu wa bunduki ya kushindilia ulioingia kutu. Swali lenyewe ni hili: mtu aliyerithi kitu kilichotenda mema na maovu, nacho sasa kinaliwa mkononi mwake, ana wajibu gani juu yake? Aking'arishe? Akiache kiishe? Au iko njia ya tatu? Pengine msomaji ataona swali hili ni kubwa mno kwa kipande cha chuma kisichozidi urefu wa mita moja. Mimi naona kwamba maswali ya namna hii yakizungumzwa barazani kila mtu huyajibu vizuri. Yakiwekwa juu ya meza ya fundi, penye mafuta na brashi, hapo ndipo mtu hulazimika kuchagua.

Kwa kuwa kazi yangu ni maneno, naomba nianze na maneno. Bunduki ya kushindilia, ambayo wengi wetu twaijua kwa jina la gobori, ni ile ijazwayo kwa mdomoni: hutiwa baruti, kisha risasi, kisha hushindiliwa kwa mdeki, yaani ule ufito ukaao chini ya mtutu. Ya kale ni ya mrao, ambayo baruti yake huwashwa kwa utambi unaofuka moto. Ikafuata ya gumegume, ambayo jiwe hugonga chuma na kutoa cheche. Ikafuata ya fataki, ambayo nyundo ndogo hugonga kikofia cha shaba chenye dawa ya kulipuka. Mahali moto unapopita kuingia ndani paitwa kifa. Mtutu wenyewe una jina jingine, kasiba. Nimeyataja maneno haya kwa makusudi, kwa sababu nayo yameshika kutu: kamusi zingali zinayo, ila vinywa vingi havinayo tena. Mfasiri anayekutana na gumegume katika maandishi ya kale, asipolijua, ataandika "jiwe" akaendelea na safari yake, na askari wa watu atakuwa amekwenda vitani kurusha mawe.

Tuchukue mfano ulio dhahiri. Bunduki ya Enfield ya mwaka 1853 ilikuwa silaha ya jeshi la Uingereza. Mtutu wake una urefu wa inchi 39 na tundu lenye upana wa inchi 0.577. Ukutani mwa tundu hilo imechongwa mifereji mitatu inayojizungusha polepole, duru moja kwa kila inchi 78, hata risasi ilipokuwa ikitoka mdomoni ilikuwa imepiga nusu ya duru tu. Na nusu hiyo ilitosha kuifanya iruke ikizunguka na kwenda mbali bila ya kupotoka. Majeshi ya Ulaya yalipohamia kwenye bunduki za kujazwa kwa nyuma, katika miaka ya 1860, bunduki za kushindilia zilibaki kuwa mali ya kuuziwa walimwengu. Mtutu wa namna hii, uliokaa miaka mia na hamsini katika hewa yenye chumvi, ndio ninaouzungumzia.

Adabu ya kwanza kwa mtutu wa kale ni kuuliza kama umejazwa. Si jambo la kudhania. Bunduki nyingi za kushindilia zimeonekana zikiwa na baruti na risasi zake tumboni, kwa kuwa aliyeijaza hakuipiga, akaitundika, akafariki. Baruti nyeusi ni shura robo tatu, na robo iliyobaki ni makaa na kiberiti. Ikikaa kavu haijui kuzeeka. Fundi huuteremsha mdeki mpaka ugote, akatia alama pale unapokutana na mdomo wa mtutu, kisha akautoa na kuulaza kwa nje, sambamba. Ukifika karibu na kifa, ndani ni kutupu. Ukikoma kabla, basi kuna kitu. Hapo hauwashwi moto, wala chuma hakipashwi, wala hakigongwi. Humiminwa maji yakaachwa, yaiyeyushe shura na kuivunja nguvu baruti, na kazi ya kukitoa kilichomo huachiwa anayeijua.

Napenda adabu hii kwa sababu haianzi na kile tunachotaka sisi. Kabla ya kuuliza mtutu utapendeza vipi, yauliza umebeba nini. Na hapa hapa niseme jambo la sheria: umri haukifanyi chuma kuwa pambo. Katika nchi zetu silaha ya moto haikai nyumbani bila ya kibali, na anayeikuta darini kwa babu yake ana wajibu wa kuwaona wahusika kabla ya kutafuta brashi.

Baada ya hapo ndipo kutu yenyewe hutazamwa, na anayetazama vizuri huona kwamba si moja. Iko kutu nyekundu, yenye kukaribia rangi ya chungwa, laini, inayoacha unga kidoleni. Hii ni kutu ilayo. Hunyonya unyevu, huvimba, kwani nafasi yake ni kubwa kuliko ya chuma kilichoizaa, hupasuka, na kila inapopasuka hewa huingia chini yake na kuendelea na mlo. Iko pia kutu nyeusi, au ya kahawia iliyokolea, iliyoshikamana na chuma kama ngozi. Hii imetulia. Haili kitu kwa kadiri ya kuonekana. Bali huukinga uso ulio chini yake. Mafundi wa Uingereza wa karne ya 19 waliijua siri hii, wakawa wanautia mtutu mpya kutu kwa makusudi, wanausugua, wanarudia tena na tena, mpaka ukawa wa rangi ya kahawia isiyong'aa wala kukamatwa kwa urahisi na unyevu. Basi kuna kutu ambayo ni maradhi na kuna kutu ambayo ni kovu. Aliye na haraka huziondoa zote mbili.

Kwetu visiwani kuna adui wa ziada, nayo ni chumvi. Chumvi ya bahari hupenya kwenye vijishimo vya chuma na kukaa chini ya kutu, na hata uso ukisafishwa ukapendeza, siku ya unyevu chuma hutokwa na vitone vya maji ya rangi ya chungwa, kama jasho. Wahifadhi wa makumbusho husema chuma kinalia. Kukinyamazisha si kazi ya siku moja. Meli ya Kireno Santo António de Tanná ilizama mbele ya Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1697, wakati ngome hiyo ilipokuwa imezingirwa. Wataalamu walipoichimbua chini ya maji katika miaka ya 1970, kupiga mbizi ilikuwa ni sehemu moja tu ya kazi, kwani kitu kilichokunywa bahari kwa karne kadhaa hakikaushwi juani kikawekwa kabatini. Chuma cha namna hiyo hulowekwa katika maji ya magadi, maji yakabadilishwa na kubadilishwa, miezi na wakati mwingine miaka, mpaka chumvi itoke. Anayeona uso tu hudhani hakuna linalofanyika.

Sasa fundi yuko mezani, na njia zilizo mbele yake ni nyingi. Njia ya haraka ni asidi. Siki na ndimu zilizomo jikoni mwa kila mmoja wetu huiyeyusha kutu, jambo ambalo kila aliyesahau kisu ndani ya bakuli la achari amelishuhudia. Lakini asidi haijui mpaka kati ya kutu na chuma. Ikimaliza kula kutu huanza kula chuma, na kinachobaki ni uso wa kijivu, uchi, usio na kinga, unaoshika kutu mpya kabla ya adhuhuri. Njia nyingine ya haraka ni msasa, au jiwe la kunolea linalozungushwa kwa mota. Nayo hung'arisha kweli, lakini hung'arisha kwa kuondoa: vile vijishimo haviwezi kujazwa, basi uso wote hushushwa mpaka ulingane na shimo lililo refu kuliko yote. Anayeutaka mtutu wake uwe laini kama siku ulipotoka kiwandani sharti akubali kupoteza chuma kizima ili kifanane na kilicholiwa.

Njia ya taratibu ni nyingine. Mtutu hupakwa mafuta mepesi ukaachwa siku kadhaa. Kutu iliyolegea hukwanguliwa kwa ukingo wa shaba, kwa sababu shaba ni laini kuliko chuma: huishinda kutu, lakini haikikwaruzi kilicho chini yake. Kisha mtutu huchemshwa katika maji ya mvua, maji yasiyo na chumvi, na hapo hutokea jambo ambalo kila nikilifikiri hunipa faraja. Kutu nyekundu iliyobaki, ile ilayo, hugeuka kuwa nyeusi. Haiondoki, hubadilika tabia. Ikasuguliwa kwa brashi laini, ikachemshwa tena, ikasuguliwa tena, mpaka uso ukawa mweusi na mtulivu, na kila kijishimo kikabaki mahali pake. Wahifadhi wengine hutumia tanini, ambayo ni dawa ya namna ileile iliyomo katika gome la mkoko, gome ambalo pwani yetu ililiuza ng'ambo miaka mingi kwa watengenezaji ngozi. Tanini ikikutana na kutu huifanya kitu cheusi kilichotulia. Na kitu hicho cheusi ni jamaa wa karibu wa wino wa kale uliopikwa kwa tanini na chumvi ya chuma, wino ambao asidi yake, ikizidi, hutoboa karatasi ya kitabu mahali pa kila herufi. Kinachoutuliza mtutu kinauchoma waraka. Hapana dawa ya kila kitu, na mwenye kutibu hana budi amjue mgonjwa kabla ya kulijua jina la dawa.

Ugumu mkubwa zaidi umo ndani. Nje ya mtutu pana macho ya watu. Ndani pana ile mifereji mitatu, nayo ndiyo iliyoifanya bunduki hii iwe bunduki hii na si bomba. Kutu ikiila mifereji, hairudishwi. Fundi aweza kumwaga risasi iliyoyeyuka ndani ya mtutu, ikaganda na kushika umbo la mifereji, kisha akaipaka unga wa kusagia na kuivuta mbele na nyuma, ikasugua kwa kuufuata mzunguko uleule. Hilo hulainisha, na kila mara hupanua kidogo. Au aweza kufanya jambo jingine: akalitoboa tundu lote, akaingiza ndani yake bomba jipya la chuma cha pua lenye mifereji mipya. Kwa nje mtutu ni uleule, wa mwaka uleule, na alama zake. Kwa ndani ni wa leo. Mwenye nao, akipenda shabaha, atafurahi, na ikiwa fundi ni hodari na mtutu umepimwa na wenye mamlaka ya kupima, pengine ni salama kuliko ule wa kale, kwani mtutu uliotobolewa na kutu haufai kupigwa hata ung'ae vipi. Lakini je, bado ni ule?

Hapa wapenzi wa ushairi watanielewa upesi, kwa kuwa swali hili twalikuta kila tunapofungua hati ya kale. Tungo nyingi za Muyaka bin Haji zimetufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua wa Mombasa alizikusanya na kuzieleza, W. E. Taylor akaziandika, na William Hichens akazichapisha mwaka 1940, takriban miaka mia moja baada ya mshairi kufariki. Walichofanya ni kuzuia mlo. Lau si wao, wadudu, unyevu na usahaulifu vingemaliza. Sasa tuseme mhariri wa leo akutana na ubeti, wa mshairi yeyote, ambao kipande chake kimoja kimetafunwa: mizani nane zapaswa kuwapo, zimebaki tano. Aweza kuacha nafasi tupu na kusema hapa pameliwa. Aweza kupendekeza neno na kulitia alama kwamba ni lake. Au aweza kulitunga neno, likalingana kwa mizani na kina, akalitia kimya kimya katika kinywa cha marehemu. La tatu ndilo linalopendeza masikio kuliko yote, nalo ndilo bomba jipya ndani ya mtutu mkongwe. Simlaumu anayelitia bomba. Namlaumu anayeuza bila ya kusema.

Tunakaribia sasa kiini cha jambo. Karibu na kifa, juu ya chuma, huwamo alama ndogo zilizopigwa kwa muhuri. Birmingham ilipata nyumba yake ya kujaribia mitutu mwaka 1813. Liège, nchini Ubelgiji, jaribio la namna hiyo lilianza tangu 1672. Mtutu ulijazwa baruti kupita kiasi, ukapigwa, na ukinusurika ulitiwa alama. Alama hizo huonyesha mtutu ulijaribiwa wapi, na mara nyingi katika zama zipi. Kwa bahati mbaya zipo pale pale ambapo masizi ya baruti na fataki huanguka, na masizi hayo hunyonya unyevu na kula chuma kuliko bahari. Hivyo kutu iliyo nyingi na ushahidi ulio mwingi hukaa pamoja, na mwenye msasa huviondoa pamoja.

Ushahidi huo watuhusu sisi. Seyyid Said na Marekani walipowekeana mkataba tarehe 21 Septemba 1833, kipengele kimoja kilisema kwamba bunduki, baruti na risasi zikiletwa kisiwani Unguja zisiuzwe kwa mtu ila kwa serikali, lakini katika bandari nyingine za Sultani ziuzwe bila ya kizuizi. Tuukumbuke msemo huo wa mkataba: hapa tusiuziane, kule wauziane. Kufikia miaka ya 1880 bunduki zilizokuwa zikipita Unguja kuelekea bara zilihesabiwa kwa makumi ya maelfu kwa mwaka. Zilikwenda na misafara, zikarudi pembe za ndovu na watu. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aliyefariki Unguja mwaka 1905, ameeleza mwenyewe katika kitabu cha maisha yake, kwa Kiswahili, kwamba jina lake la Tippu Tip lilitokana na mlio wa bunduki zake masikioni mwa watu aliowapiga. Mlio wa mtutu uligeuka kuwa jina la mtu, na hadi leo twalitamka bila ya kusikia ndani yake aliyekuwa akikimbia.

Wala habari haiishii hapo. Mwaka 1888 watu wa mrima walipoinuka dhidi ya kampuni ya Kijerumani, pamoja na Abushiri bin Salim aliyenyongwa Pangani mwezi wa Disemba 1889 na Bwana Heri wa Saadani, silaha walizozishika zilitokana na biashara ileile. Mwaka 1890 mataifa yalitia saini Mkataba wa Brussels, uliozuia Waafrika wasiuziwe bunduki zenye mifereji wala za kujazwa kwa nyuma, huku ukiruhusu, kwa masharti, zile za gumegume zisizo na mifereji na baruti yake ya kawaida. Sababu iliyotangazwa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa. Matokeo yake ni kwamba walipoinuka watu wa Maji Maji mwaka 1905, gobori lilisimama mbele ya bombomu. Kwa hiyo mtutu mmoja waweza kuwa ulielekezwa alfajiri kwenye kijiji kilicholala, na miaka kumi baadaye, mikononi mwa mwingine, ukakilinda kijiji. Chuma hakikubadilika. Alama ya muhuri ni ileile.

Nani basi aurithiye mtutu huo, naye afanye nini? Kisiwani kwetu wajukuu wa aliyeishika bunduki na wajukuu wa aliyeelekezewa hukaa mtaa mmoja, huoana, hukopeshana chumvi, huzikana. Wengi wetu tuna damu ya pande zote mbili, na baadhi yetu hatupendi kuulizwa. Ndiyo maana suala la brashi na msasa si la karakana peke yake.

Wako wanaosema: itupwe baharini. Nawaelewa. Kuna maumivu ambayo hayataki kumbukumbu ukutani, na mtu ambaye babu yake alifungwa mnyororo hana deni la kukipenda chuma hicho. Lakini bahari, kama tulivyoona, haifuti, hula. Na kinacholiwa zaidi katika kutupa huko si silaha, bali ni ushahidi dhidi ya aliyeitumia. Miaka hamsini baadaye atatokea mtu na kusema hayakuwa, na hapatakuwa na cha kumwonyesha. Anayetaka kuisahau dhulma na anayetaka kuikanusha hukutana ufukweni wakitupa kitu kimoja.

Wako wanaosema: ing'arishwe. Hawa mara nyingi ni wauzaji, au ni jamaa wenye fahari ya ukoo, au ni mwenye hoteli anayetaka kitu cha kutundika juu ya viti. Mtutu ung'aao hauna swali. Mgeni huutazama, akapiga picha, akaagiza chai. Umefanywa kana kwamba haujapata kupigwa, na kitu ambacho hakijapata kutenda hakina wa kukidai. Hapa ndipo lugha yetu inapotusaidia, kwa kuwa imetupa maneno mawili palipo na hatari ya kuwa na moja. Kusafisha ni kuondoa kinachodhuru. Kutakasa ni kuondoa hatia. Fundi ana uwezo wa la kwanza. La pili hana, hata akisugua mpaka chuma kiishe, kwa kuwa hatia haimo katika chuma, nayo hutakaswa kwa njia nyingine, baina ya watu, kwa kusema na kusikiliza na kurudisha haki pale inaporudishika. Ubaya wa kung'arisha ni kwamba kazi ya mkono huchukuliwa badala ya kazi hiyo ngumu zaidi. Mtu hutoka jasho kweli, akadhani amelipa.

Na wako wanaosema: iachwe kama ilivyo, usiguse. Hoja hii ina sura ya heshima, na kwa muda mrefu niliiona kuwa ndiyo yenye unyenyekevu kuliko zote. Lakini kutu ilayo haisubiri. Kutogusa ni uamuzi wa kuimaliza kwa mkono wa hewa. Mwenye kuacha hujiona hakutenda lolote, na kila masika mtutu wake hupungua. Ndivyo zilivyo pia habari ambazo hazizungumzwi nyumbani kwa kuheshimiana: hazikai zilivyo, hula, na kizazi kinachofuata hupokea unga mwekundu usio na umbo, chuki isiyojua imetoka wapi.

Njia ya tatu, basi, ni ile ya taratibu: kukizuia kilacho na kukiacha kinachoshuhudia. Naona ni kanuni inayofaa kwa mtutu, kwa hati, na kwa historia ya kisiwa. Haina urahisi wowote, kwa sababu mpaka kati ya kutu hizi mbili hauonekani kwa jicho lenye haraka. Hujulikana kwa kidole, kwa kungoja, kwa kurudi siku ya unyevu kutazama kama chuma kinalia. Yapo mambo ya kale ambayo bado yanatula, kama vile kudharauliana kwa ukoo, majina ya matusi, na kunyimana mke kwa sababu ya babu wa babu. Haya ni kutu nyekundu, na kuyaacha kwa hoja ya kuhifadhi mila ni kuyalisha. Yapo mengine yaliyokwisha kutulia yakawa kovu: majina ya mahali, nyimbo, msamiati, mtutu wenyewe. Haya yakisuguliwa tunabaki na uso mtupu, unaong'aa, usiojua umetoka wapi, nao hushika kutu mpya upesi.

Kazi ikimalizika, mtutu hupashwa moto kidogo ukapakwa nta, ukafutwa, ukawekwa mahali penye hewa kavu, na hautoshiki kwa mikono mitupu, kwani jasho la kiganja nalo ni chumvi. Kila baada ya miezi michache hutazamwa tena. Na kando yake huwekwa karatasi, kwa wino mwema usiotoboa, iliyoandikwa alama zilizosomeka na zile zisizosomeka, njia iliyotumika, kilichoondolewa, kilichoachwa na sababu ya kuachwa, pamoja na habari zinazojulikana za waliouchukua na waliochukuliwa kwa nguvu yake. Karatasi hiyo ni sehemu ya ukarabati kama ilivyo nta. Anayekuja baadaye aweza kuwa na dawa bora kuliko yetu, na macho bora; atahitaji kujua ni wapi mkono wetu ulipopita, ili asidhani kwamba tulichokifanya sisi ndicho alichokifanya mtutu.